Kitanda Namba Tisa

Mimi ni fundi rangi, na mtaani kwetu wananiita Mzee Brashi. Nina mdomo, sikatai. Mke wangu husema maneno yangu yangekuwa rangi, ningekuwa nimeshapaka mji mzima na yangebaki. Lakini habari ya binti yangu sijawahi kuisimulia yote. Watu wanajua ni nesi, tena nesi mzuri, wanakuja mpaka mlangoni kwangu kuuliza mambo ya dawa kama vile hapa ni dukani. Jinsi nilivyokaribia kumharibia kazi hiyo, hilo hawalijui. Leo nalisema, na wa kunicheka na anicheke.

Binti yangu amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo sijawahi kumwita kwa jina. Namwita Mama. Tangu anatambaa ni Mama njoo, Mama kaa, Mama acha kula chokaa ya ukutani.

Alipomaliza sekondari alifaulu vizuri, na mimi nilikuwa nimeshamchagulia kazi. Benki. Niliwahi kupaka rangi jengo la benki, wiki tatu ndani na nje, nikawaona wale mabinti wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, upepo wa baridi unawapuliza, wanagonga mihuri. Nikasema, hapa ndipo pa mwanangu. Nikaenda mwenyewe chuo cha biashara na viatu vyangu vya madoa, mlinzi akataka kunitimua, nikabishana naye mpaka fomu nikaipata. Nikaileta nyumbani nikaitua mezani mbele yake.

Akaiangalia. Akaingia chumbani, akatoka na fomu yake. Chuo cha uuguzi. Ilikuwa imejazwa yote kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima, imebaki sehemu moja tu, sahihi ya mzazi.

"Ebo! Uuguzi?" nikasema. "Nimekusomesha miaka yote hii ukaoshe vinyesi vya watu?"

"Ndiyo, baba," akasema. "Pamoja na mengine."

Tulinuniana wiki mbili. Fomu ikakaa juu ya kabati, mimi napita kama siioni. Mke wangu akachoka. "Baba watoto," akaniambia, "usiposaini, yeye atakaa nyumbani na wewe utakaa na kiburi chako, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Mimi nitakaa wapi?"

Basi nikamwita, nikamuuliza kistaarabu, kwa nini uuguzi. Hapo ndipo alipomtaja mama yangu. Mama aliugua kiharusi akalala kwangu miezi minane kabla ya kufariki, na huyu mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Nitasema ukweli: mimi nilikuwa wa mlangoni. Nachungulia, nasema, "Mama, hujambo leo?" Anajibu, "Sijambo, mwanangu." Nashukuru Mungu, naenda zangu kazini. Kumgeuza, kumwosha, kumpaka mafuta mgongoni asipate vidonda, hayo walikuwa wakifanya mke wangu na mtoto.

"Nyinyi bibi alikuwa anawaambia hajambo," binti yangu akasema. "Mimi alikuwa ananiambia panapouma. Nilijua nikimlaza ubavu wa kushoto, na mto katikati ya magoti, anapata usingizi. Nilikuwa mtoto, baba, lakini nilijiona nafaa. Sijajiona hivyo mahali pengine popote."

Ningekuwa na akili ningesaini nikanyamaza. Nilisaini, ndiyo, lakini ulimi hauna mfupa. Nikatia na langu: "Haya. Ila ukifukuzwa huko, usije kunililia mlangoni kwangu."

Akaikunja fomu mara mbili. "Nimesikia, baba," akasema.

Mwaka wake wa mwisho, ikiwa imebaki miezi mitatu amalize, nikaanguka kwenye ngazi. Nilikuwa napaka mbao za paa la shule, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika chini ya goti. Nikapelekwa hospitali kubwa ya mji wetu, ambayo ndiyo hiyo hiyo wanafunzi wa chuo chake hujifunzia. Wodi ya wanaume, kitanda namba nane.

Wodi ile ilikuwa na vitanda ishirini, kumi kila upande, na njia katikati. Namba ziliandikwa ukutani juu ya kichwa cha kila kitanda kwa rangi nyekundu, tena zimechuruzika, kazi ya mtu asiyejua hata kukung'uta brashi. Nilikuwa nikiziangalia roho inaniuma. Miguuni pa kila kitanda palikuwa na kadi ya mgonjwa imetundikwa kwa waya. Na humo ndani mtu huna jina. "Namba nane, mguu haujavimba? Namba kumi na tatu, meza vidonge. Namba nne, acha kuvuta sigara chooni." Tulizoea. Hata sisi wenyewe tulikuwa tunaitana hivyo kwa mzaha.

Namba tisa, jirani yangu wa kulia, tulimpa jina la Bwana Sukari. Mstaafu mpole, mwenye kidonda cha mguu kisichopona kwa sababu ya kisukari. Kabla ya kila mlo alikuwa anadungwa sindano tumboni ya kushusha sukari, halafu anakula, halafu analala. Huyo alikuwa akilala mpaka unamwonea wivu.

Namba kumi na moja alikuwa ng'ambo ya njia, na huyo alikuwa Fundi Saa. Ana ngiri, anangoja kupasuliwa, na chini ya godoro ana ubao wa drafti na vizibo vya soda. Mimi na drafti ni chanda na pete. Lakini mguu wangu ulikuwa kwenye plasta mpaka juu ya goti, siwezi kumfuata. Yeye akiinama kitambo ngiri inambana. Basi tukawa tunacheza kwa kupigiana kelele, kila mtu na ubao wake wa kuchora, mpaka mkuu wa wodi akatukataza. Tulimwita Sista Rula, kwa mgongo wake ulionyooka na rula aliyokuwa akipigia mistari kwenye kitabu cha ripoti. "Hapa si kijiweni," alisema, na ikawa ndiyo amri.

Siku yenyewe Fundi Saa alikuwa apasuliwe asubuhi. Alikatazwa kula tangu alfajiri, kadi yake ikaandikwa kwa herufi kubwa: ASILE KITU, HATA MAJI. Foleni ya upasuaji ikawa ndefu, akaambiwa zamu yake ni saa kumi na mbili jioni. Kutwa nzima alikuwa anazunguka kitandani, tumbo tupu, roho juu. Ilipofika saa kumi hivi, wageni wakatoka, manesi wakaingia ofisini kukabidhiana zamu. Na mimi ndipo nilipopata wazo langu.

"Bwana Sukari," nikasema, "wewe si unalala tu? Kulala ni kulala. Kitanda cha Fundi Saa kina dirisha. Badilishaneni, mwenzio acheze kidogo, ana woga wa kisu."

Mtu muungwana yule. Akachukua mto wake na ndala zake, akavuka njia, akalala namba kumi na moja, na kabla hata Fundi Saa hajapanga vizibo tukamsikia anakoroma. Fundi Saa akajitupa namba tisa, pembeni yangu, ubao katikati. Mfagiaji alituona, akacheka, akaendelea na ndoo yake. Kadi zikabaki pale zilipokuwa. Nani afikirie kadi? Sisi tulihamisha watu.

Saa kumi na moja na kitu Mama akaingia na zamu ya jioni. Ilikuwa siku yake ya pili katika wodi yetu, na ya kwanza alishinda chumba cha vidonda, hajui sura ya mtu. Mimi alikuwa haruhusiwi kunihudumia, wana sheria yao kwamba mwanafunzi hamgusi ndugu yake. Alinipitia tu, akasema, "Mzee, hujambo?" kama mgeni, na jicho likacheka. Nikajisikia raha mpaka mguu ukaacha kuuma.

Akaja na trei. Mwenzake aliyekuwa amepima naye dawa alikuwa ameitwa kwingine. Akasimama miguuni pa namba tisa, akasoma kadi.

"Namba tisa?" akauliza.

Fundi Saa akatupa jicho ukutani. "Ndiyo mimi."

"Sindano yako, mzee wangu. Ya tumboni."

"Choma tu, binti. Nimeingoja tangu asubuhi."

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo, hatua moja. Nilikuwa namwangalia mwanangu usoni. Sare imenyooka, nywele zimefungwa, anasema "mzee wangu" kwa sauti ile ile aliyokuwa akimsemesha bibi yake. Nikajisemea, kumbe binti wa Mzee Brashi ndiye huyu. Mikono yake sikuitazama. Niliiona sindano wakati inachomolewa, naye anabonyeza pamba, na ndipo ikanijia: anayedungwa tumboni humu ndani ni mmoja tu.

Nilifungua mdomo, na mimi huyu mwenye mdomo, haikutoka hata herufi. Akaenda zake na trei.

"Hiyo ndiyo ya kunituliza kabla ya kisu," Fundi Saa akasema. "Cheza, zamu yako."

Nikasogeza kizibo, sijui kipi. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Mwezi uliotangulia mwanafunzi mmoja wa mwaka wa Mama alikuwa amefukuzwa chuoni kwa kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Mke wangu alinisimulia. Yule binti alibeba sanduku lake mchana kweupe, wenzake wanamwangalia madirishani. Imebaki miezi mitatu, nikasema. Miezi mitatu tu.

Sindano ya kushusha sukari, dawa yake si sukari? Nilikuwa na chupa ya chai na kopo la sukari kwenye kabati. Nikamimina kikombe, nikatia vijiko sita.

"Kunywa," nikamwambia.

"Una wazimu? Nimekatazwa hata maji."

"Basi lamba sukari kidogo tu."

Fundi Saa akaniangalia, akaangua kicheko huku ameshika ngiri yake. "Nimekufunga mara mbili, sasa unataka kunitoa kwenye foleni ya upasuaji! Brashi, kubali kushindwa."

Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na kila nikiitazama naona mkono mrefu umeruka. Jasho likaanza kunitoka mimi ambaye sikudungwa.

Mama akapita tena na beseni tupu. Nikamshika kiunoni kwenye sare. "Inama," nikasema. Nikamnong'oneza sikioni. Huyu si wa tisa. Huyu ni wa kumi na moja. Walibadilishana.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukifanya vile. Akageuka akatazama kadi ya kitanda cha tisa, akatazama ng'ambo kadi ya kumi na moja na Bwana Sukari anayekoroma kitandani hapo. Beseni akaliweka chini polepole, kama vile lina maji.

"Mama, nisikilize," nikasema. "Hakuna aliyeona. Mpe glukosi kimya kimya. Mimi nitasema nilimlazimisha kunywa chai, watanigombeza mimi. Mama, miezi mitatu! Unamkumbuka mwenzio na sanduku lake?"

"Baba, anaingia upasuaji saa kumi na mbili."

"Ndiyo, lakini..."

"Wakishamlaza usingizi, hatasema anasikia kizunguzungu. Hatasema kitu." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini maneno yalikuwa yamepangwa. "Nani aliwahamisha?"

Hapo ndipo pa aibu yangu. Niliangalia ubao wa drafti. "Si unawajua wagonjwa," nikasema.

Hakuniuliza mara ya pili. Alitembea, hakukimbia, mpaka kwenye meza ya Sista Rula iliyo katikati ya wodi, akasimama wima, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni: "Sista, nimemdunga mgonjwa insulini isiyo yake. Yuniti kumi. Aliye kitanda cha tisa. Hajala tangu alfajiri, na ni dakika kumi na nne zimepita."

Hata Bwana Sukari aliacha kukoroma.

Sista Rula hakupiga kelele. Alisimama tu, na rula ikaanguka, na tangu hapo nikaona kazi yao ilivyo. Mmoja akaita daktari, mmoja akapiga simu chumba cha upasuaji wasije kumchukua, Mama akachukua kile kimashine cha kupimia sukari akamtoboa Fundi Saa kidole. Ubao wa drafti ukasukumwa, vizibo vikatawanyika sakafuni, daktari akavikanyaga.

"Nne nukta mbili," Mama akasema. Wakamfunga mpira mkononi kutafuta mshipa. Mshipa wa kwanza ukapasuka. Mtu ambaye hajanywa maji kutwa, mishipa yake imejificha.

"Tatu nukta moja."

Fundi Saa alikuwa ameanza kutetemeka, shati limelowa chapachapa. Akaniangalia mimi, si mwingine. "Brashi," akasema, "hii saa inakwenda mbele sana. Nani ameigusa?" Halafu akaanza kusema mambo yasiyoeleweka, mdomo mzito, macho yanaelea. Mimi nimelala hatua moja na mguu wangu wa plasta, siwezi hata kumshika mkono. Mama ndiye alikuwa amemshika. Alikuwa anamwambia, "Nipo hapa, mzee wangu, nipo," na huku mkono wa pili unaminya mfuko wa dripu.

"Mbili nukta nne."

Nililia. Nasema wazi, nilivuta shuka usoni nikalia kama mtoto. Nilijua kama rafiki yangu atakufa, aliyemuua ni mimi.

Glukosi ikaingia. Baada ya muda, sijui ni robo saa au ni mwaka, nikasikia sauti dhaifu ikiuliza, "Nani amemwaga vizibo vyangu?" Nikalia tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Walimpima mara nyingi jioni ile, mpaka namba ikatulia. Na Bwana Sukari wakamkuta bila sindano na bila chakula, maana kwa kadi ya kitanda alicholalia alikuwa hapaswi kula kitu.

Mama akaambiwa avue aproni, aende bweni, kesho asubuhi awe ofisi ya matroni. Alipita kwangu akiwa ameikunja aproni mkononi. Alikuwa amelia tayari, macho yamevimba.

"Wakinifukuza, baba, nitakuja mlangoni," akasema. "Lakini sitalia."

Neno langu mwenyewe, la miaka mitatu nyuma. Alikuwa amelihifadhi. Mimi nilikuwa nimeshalisahau.

Asubuhi mke wangu akaja na chupa ya chai. Nikamsimulia yote, pamoja na ya kuhamisha vitanda, pamoja na ya kumwomba mtoto anyamaze. Aliacha kumimina katikati ya kikombe.

"Kwa hiyo mwanangu anahukumiwa kule," akasema, "na aliyehamisha watu amekaa hapa anangoja chai?"

"Mguu wangu..."

"Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma ukamwachia ale peke yake."

Akachukua magongo yaliyokuwa yameegemezwa ukutani, akayatupa kitandani. Nilikuwa sijatembea nayo hata hatua tano. Nikasimama, dunia ikazunguka. Nikamnyoshea mkono anishike, akasema, "Sikushiki. Tembea." Na kweli hakunishika. Alinifuata nyuma na chupa yake ya chai, korido nzima, watu wanatupisha, plasta inagonga sakafu kama mlango mbovu.

Ofisini walikuwa wanne. Matroni, mkuu wa chuo, Sista Rula, na Mama amesimama mbele yao, mikono nyuma. Nikausukuma mlango kwa gongo.

"Naomba radhi," nikasema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyewahamisha wale wagonjwa. Nilitaka mtu wa kucheza naye drafti."

Nilidhani nikishasema hivyo watamwambia mwanangu, haya, nenda kazini. Matroni akanitazama juu ya miwani. "Mzee," akasema, "vitanda havidungi sindano. Kosa lako tumelisikia. La kwake liko pale pale. Alitakiwa amuulize mgonjwa jina lake kamili, hakumuuliza." Akagonga kidole kwenye karatasi ya maelezo ya binti yangu. "Kwa nini hukusema jana, alipokuuliza nani aliwahamisha?"

Nikamtazama Mama. Alikuwa anatazama ukuta.

"Niliogopa," nikasema. "Na si hilo tu. Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia ampe glukosi kisirisiri, tufiche. Niliogopa mtamfukuza kama yule mwenzake aliyekosea dawa."

Sista Rula akageuka. "Uliombwa ufiche? Mbona hukuandika kwenye maelezo yako?"

"Hayo ni ya mimi na baba yangu," Mama akasema.

Matroni alivua miwani akaiweka mezani. "Yule binti hatukumfukuza kwa kukosea dawa, mzee," akasema. "Wote hapa tumewahi kukosea, na mimi wa kwanza. Alinyamaza siku mbili. Mgonjwa amezidiwa, sisi tunahangaika hatujui tunatafuta nini, yeye anajua na amekaa kimya. Hicho ndicho kilichomtoa."

Mke wangu ndiye aliyeivuta stuli nikakaa. Niliyemwomba mwanangu anyamaze ni mimi. Angenisikiliza, angekuwa ametii baba yake, nami ningekuwa nimemzika rafiki na nimemfukuzisha mtoto kwa siku moja, kwa mdomo wangu huu huu.

Adhabu ilikuwepo. Alirudia somo la dawa muhula mzima, hakuhitimu na wenzake. Siku wenzake wanavaa majoho yeye alikuwa anabadilisha mashuka. Alirudi nyumbani siku hiyo jioni, akafika mlangoni, mimi nikawa nimemtangulia kuufungua. Nilimwambia, "Mama, pita." Akapita, akala, akalala.

Fundi Saa alipasuliwa wiki iliyofuata, akapona, na mpaka leo anawatangazia watu kwamba alinifunga drafti nikataka kumuua. Namwacha aseme. Nilipotolewa plasta nilirudi wodini na ndoo yangu, rangi nilitoa mwenyewe, nikazifuta zile namba nyekundu zote ishirini. Sista Rula ndiye aliyeniambia nisiandike nyingine. Siku hizi mgonjwa akiingia anafungwa utepe mkononi wenye jina lake, la baba yake na la babu yake, na kadi inakwenda na mtu anakokwenda.

Na mimi sasa sukari imenipata. Usicheke. Mwaka wa pili huu nahudhuria kliniki, na nesi wa pale ni Mama. Ile sheria ya kutomgusa ndugu ilikuwa ya wanafunzi. Sasa ni nesi kamili, na pale kliniki yuko peke yake. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi na watu kama thelathini, nimevaa shati langu zuri, namngoja mwanangu anifanyie upendeleo. Zamu yangu ikafika. Ameshika bomba la sindano mkono mmoja, kadi yangu mkono wa pili.

"Jina lako kamili, mzee?"

Nikacheka. "Ala! Mama, hunijui?"

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Alisimama pale pale, sindano juu, ananitazama machoni, hana haraka.

"Jina lako kamili."

Nikakohoa, nikanyooka. Nikamtajia langu, la baba yangu na la babu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kadi, akanitazama tena.

"Haya, baba," akasema. "Inua shati."